Hesabu za Mradi Zimegoma Kubadilika? Kagua Mambo Haya 5 Kabla ya Kutuma Ripoti

Umeongeza siku 4 kwenye kazi ya kumwaga zege, lakini tarehe ya kumaliza mradi imebaki ile ile. Ukituma ripoti hivyo hivyo, bosi atamuahidi mteja tarehe ambayo haipo. Na lawama zitarudi kwako.

Mara nyingi fomula haina kosa. Shida ni kwamba programu haijakokotoa upya, au inakokotoa kwa taarifa za zamani. Mambo manne ya kwanza ni ya wanaotumia Microsoft Project kwenye kompyuta. La tano ni la wale wa Google Sheets.

1. Je, ukokotoaji umezimwa?
Fungua File, kisha Options, halafu Schedule. Shuka mpaka sehemu ya Calculation na uhakikishe iko On. Wapo wanaoizima faili likiwa zito, halafu wanasahau kuirudisha. Ikiwa Off, bonyeza F9 kila ukimaliza kufanya mabadiliko. Kwenye baadhi ya laptopu utabonyeza Fn pamoja na F9.

2. Je, kazi imepangwa kwa mkono?
Tangu toleo la 2010, kazi mpya huingia zikiwa Manually Scheduled usipobadilisha mpangilio huo. Kazi ya namna hii haisogei yenyewe hata kama inayoitangulia imechelewa. Ichague, nenda Task, bonyeza Auto Schedule. Andika pembeni tarehe za mwanzo kwanza, maana zinaweza kuruka.

3. Je, Status Date ni ya lini?
Hesabu zinazolinganisha kazi iliyofanyika na bajeti iliyopangwa hufuata tarehe hii. Kama uliiweka mwezi uliopita na hukuigusa tena, ripoti ya leo itasoma hali ya mwezi uliopita. Ibadilishe kwenye menyu ya Project.

4. Je, mstari wa jumla uko mtupu?
Umeandika fomula yako, inafanya kazi kwenye kazi ndogo ndogo, lakini mstari wa juu unaozijumlisha hauonyeshi kitu. Rudi Custom Fields utafute sehemu ya mistari ya jumla. Ikiwa None, chagua Use formula ili fomula ikokotolewe hapo pia, au Rollup ili ichukue matokeo ya kazi zilizo chini yake.

5. Je, siku zilizobaki hazipungui?
Kwenye Google Sheets, fomula zenye TODAY au NOW kwa kawaida hukokotolewa upya pale jedwali linapobadilishwa. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua File, Settings, kisha Calculation, na uchague zikokotolewe pia kila dakika au kila saa.

Jaribio la mwisho
Kabla ya kutuma, chukua kazi moja ambayo ikichelewa mradi mzima unachelewa. Iongezee siku 1. Tarehe ya mwisho ikisogea, hesabu ziko hai: bonyeza Ctrl+Z kurudisha ilivyokuwa, kisha tuma. Isiposogea, usitume kwanza. Rudi namba 1 uanze kukagua upya.