Tupa Makasia, Walisema

Mwaka 1909, katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, fundi mmoja mzaliwa wa Norwe aitwaye Ole Evinrude alianza kuuza mashine ndogo ya petroli ya kufunga nyuma ya boti. Ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, na uzito wa kilo 28 hivi. Hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo. Mmarekani mwenzake, Cameron Waterman, alikuwa amekwishapata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1907. Ila Evinrude alikuwa na kitu cha ziada, nacho ni mke aliyejua biashara. Bess ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu, na ndiye aliyetunga tangazo lililoieneza mashine ya mumewe. Kwa maneno yetu tangazo lilisema hivi: acha kupiga makasia, yatupe, tumia mashine.

Inasimuliwa kwamba wazo lenyewe lilimjia Evinrude ziwani, alipopiga makasia chini ya jua kwenda kumtafutia Bess aiskrimu, akarudi nayo imeyeyuka. Iwe kweli tupu au imetiwa chumvi kidogo, hadithi hiyo inatueleza mashine ilizaliwa wapi. Ilizaliwa kwenye maji baridi, siku ya mapumziko, karibu na nchi kavu. Ikikataa kuwaka, hasara ni aiskrimu.

Nimelifikiria sana lile tangazo kwa sababu pwani yetu hakuna aliyelitii. Mashine zilikuja, watu wakazipenda, lakini makasia hawakuyatupa. Mashua ilifungwa mashine kwenye ubao wake bapa wa tezi, na mlingoti ukabaki pale pale. Watu wa maendeleo waliona huo ni ukale, mvuvi kung'ang'ania tanga ilhali ana petroli. Mimi nadhani mvuvi alikuwa ameisoma mashine vizuri kuliko waliomuuzia. Alijua kwamba mashine ya boti kabla ya kuwa chombo cha kwenda ni chombo cha kuwashwa, na historia yote ya kuwashwa kwake imejaa kugoma.

Tuanze na mkono. Mashine za mwanzo za Evinrude hazikuwa na kamba. Juu yake kulikuwa na gurudumu zito la chuma lenye kishikio, nawe ulikishika ukalizungusha kwa nguvu. Mashine ikirudisha pigo, kishikio kilikugonga vidole, na waliovunjwa vidole si wachache. Kamba ilikuja kama nafuu. Waingereza waliotengeneza mashine ya British Seagull, jina lenye maana ya shakwe, walibaki na kamba ya kuviringisha kwa miongo mingi. Unatia fundo kwenye pengo la gurudumu, unazungusha kamba, unavuta, kamba inatoka yote mkononi na mkia wake unamchapa aliyekaa nyuma yako. Haikuwaka? Viringisha tena. Kamba inayojirudisha yenyewe, tunayoifahamu leo, ilitatua tabu ya kuviringisha tu. Tabu ya kuwasha ilibaki.

Nilielewa jambo hili vizuri Kunduchi, kando ya Dar es Salaam, nilipokwenda kuandika habari za bei ya samaki nikaishia kukaa saa mbili karibu na fundi mmoja mzee. Alikuwa ameletewa mashine ya farasi 15, ya zile za kuchanganya petroli na oili. Vijana wawili walikuwa wameivuta tangu alfajiri hadi viganja vikatoka malengelenge. Nilitegemea mzee aivute na yeye. Hakuigusa kamba.

"Mara ya mwisho iliwaka lini?" aliuliza. "Na mafuta mlichukua wapi?"

"Juzi, mzee. Mafuta tulipimiwa kwenye madumu."

"Haya. Basi acheni kuvuta. Mnavuta, mnavuta, mnamchosha nani?"

Alianza na vitu ambavyo mtu anaona aibu kuviangalia. Je, tundu la hewa la mfuniko wa tangi limefunguliwa? Likiwa limefungwa, mafuta hayaji. Je, mpira wa mafuta umekaa sawasawa kwenye maungio? Je, kile kikamba cha kuzimia mashine kimerudishwa mahali pake? Vyote vilikuwa sawa. Ndipo alipotoa plagi, akaitazama kama daktari anavyotazama ulimi wa mtoto.

"Mwanangu," aliniambia, maana nilikuwa nimeinama kama mwanafunzi, "mashine haina siri. Inataka moto, inataka mafuta, inataka pumzi. Kimoja kikikosekana haiwaki. Wewe kazi yako ni kuuliza kimoja kimoja."

Tuchukue huo mpango wake, maana kila swali lake lina historia nyuma yake.

La kwanza ni moto. Plagi inaunganishwa na waya wake, chuma chake kinagusishwa kwenye mwili wa mashine, mbali na tundu ilikotoka ili mvuke wa petroli usilipuke, kisha kamba inavutwa na unatazama cheche. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Nyekundu na nyembamba ni dhaifu. Mashine za mwanzo zilipata moto kutoka kwenye betri kavu, na unyevu ulizimaliza upesi. Baadaye sumaku ikafichwa ndani ya gurudumu la juu, mashine ikajizalishia umeme kila inapozunguka, betri ikaachwa nyumbani. Ila ndani ya gurudumu hilo kulikuwa na pointi, vidomo viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na mwanya wake ni mwembamba kama kadi. Ziwani vidomo hivyo hudumu. Baharini chumvi inaingia, kutu nyembamba inatanda juu yake, na cheche inapotea. Dawa yake ni msasa laini na kitambaa kikavu. Kuanzia miaka ya 1970 pointi zilianza kuondolewa, kikawekwa kijisanduku cha elektroniki kilichozibwa. Kwa kweli kijisanduku hicho kinavumilia kuliko pointi. Kikifa, hata hivyo, hakuna cha kusugua. Unanunua kingine, au unakaa.

La pili ni mafuta, na hapa plagi ndiyo inayotoa ushahidi. Ikitoka kavu baada ya kuvuta mara nyingi, mafuta hayafiki: chujio limeziba, au kitundu kidogo ndani ya kabureta kimegandwa na petroli iliyokaa miezi. Petroli inapokaa sehemu nyepesi huruka na kuacha utomvu, na tundu lenyewe ni dogo kama la sindano. Plagi ikitoka imelowa na cheche ipo, ama umeivuta sana na choki imefungwa hadi ikajaa, ama mafuta yenyewe hayafai. Iliyojaa unaiacha bila plagi, unafungua mafuta hadi mwisho bila choki, unaivuta mara kadhaa itapike, kisha unarudisha plagi kavu.

Mafuta yenyewe yana hadithi ndefu. Seagull za zamani zilitaka sehemu moja ya oili kwa kumi za petroli. Maana yake dumu la lita 20 lilitiwa lita mbili za oili. Kwa kipimo hicho plagi inaloa na kuchafuka haraka, na moshi unafunika bandari. Leo mashine nyingi za kuchanganya zinataka moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa dumu hilo hilo. Mtu aliyefundishwa na babu yake kipimo cha zamani anaiziba mashine ya leo bila kujua, na aliyesoma kipimo cha leo anaiua mashine ya babu yake kwa kukosa oili.

Plagi ya Kunduchi ilikuwa imelowa, na cheche ilikuwepo. Mzee aliinusa, akampa kijana mmoja naye anuse. "Taa," alisema kijana. Mafuta ya taa.

Hapo historia inahama kutoka Milwaukee na kuja nyumbani kabisa. Sote tunalikumbuka neno uchakachuaji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ni ya maskini, ya koroboi na jiko. Tofauti hiyo ya bei ikawa mwaliko, wafanyabiashara wakawa wanayachanganya na petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa, na katika bajeti ya 2011/12 serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Mjadala wa siku zile ulikuwa juu ya magari na mapato ya serikali. Sikumbuki kusoma popote habari ya mtu aliye kwenye boti. Lakini mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli. Mashine ya moto ikitembea inaweza kuyavumilia. Mashine baridi, alfajiri, haiyataki. Wapo watengenezaji waliounda mashine za mafuta ya taa kwa ajili ya wavuvi, nazo huwashwa kwa petroli kwanza, na kabla ya kuzima unairudisha petroli. Ukisahau, asubuhi utavuta kamba mpaka bega liteguke.

La tatu ni pumzi. Unaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi, mwenzako anavuta kamba. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, mashine ina pumzi. Kikitulia, ringi zimekwisha au gasketi imeungua, na hapo hakuna ujanja wa ufukweni. Mashine ya zamani ikifika hapo mara nyingi imeuawa na joto, kwa sababu njia za maji ya kuipooza zimezibwa na chumvi. Iliyoundwa kwa ziwa husafishwa na ziwa lenyewe. Ya baharini lazima isafishwe kwa maji baridi kila inaporudi, na kijiji kinachonunua maji ya kunywa kwa ndoo kitayapata wapi maji ya kuosha mashine?

Kwa hiyo mtu akisema mashine ya mvuvi haiwaki kwa sababu ni kuukuu, amesema nusu. Haiwaki kwa sababu ya chumvi, ya kodi, ya dumu, na ya kipimo cha oili kilichorithiwa.

Sasa mashine hizi zinaondoka. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1996, zikaanza kutumika hatua kwa hatua kuanzia 1998, na mashine za kuchanganya zenye kabureta zikasukumwa nje ya soko la huko. Sababu ilikuwa nzuri: hadi robo ya mafuta hutoka bila kuungua na kuingia majini. Mashine mpya zinakula kidogo, hazina moshi, zinawaka kwa kubonyeza kitufe. Siwezi kumtetea mtu anayemwaga petroli kwenye matumbawe anayovulia. Ila kitufe kinataka betri, na mashine mpya ikigoma inataka kompyuta kuuliza ina nini. Maswali matatu ya yule mzee yatabaki kweli, lakini hatakuwa na mahali pa kushika.

Kinachonitia hofu hasa kiko kwenye boti yenyewe. Boti nyingi za faiba zinazonunuliwa na kukopeshwa siku hizi hazina mlingoti, na nilizozihesabu Kunduchi siku ile nyingi hazikuwa na kasia hata moja. Tangazo la Bess Evinrude limetiiwa hatimaye, zaidi ya miaka mia moja baadaye, na limetiiwa baharini badala ya ziwani. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi upepo unausaidia. Chombo kisicho na mashine wala tanga hakibaki kilipo. Kinakwenda Kenya, na kikipita huko kinakwenda mbali zaidi.

Tunaulizana sana kuhusu jaketi okozi, na ni sawa tuulizane. Orodha hiyo iongezwe vitu vitano vya bei ndogo: plagi ya akiba iliyofungwa kwenye nailoni, spana yake, kitambaa kikavu, lita moja ya petroli safi, na makasia mawili. Wale vijana wa Kunduchi walimwaga mafuta yao, wakakausha plagi, wakatia petroli waliyoazima kwa jirani. Mashine iliwaka kwa mvuto wa tatu. Mzee alichukua elfu tano, akawauliza kasia liko wapi, nao wakacheka.