Upepo Haukuua Peke Yake

Ndugu msikilizaji, lugha yetu ina maneno mengi ya upepo mbaya: kimbunga, tufani, kisulisuli, chamchela. Lakini kimbunga tunachokijua zaidi watu wa mwambao ni kile kitokacho baharini. Ndicho kilichong'oa mikarafuu ya Unguja mwaka 1872, na ndicho kilichoipiga Lindi mwaka 1952. Leo tumzungumzie ndugu yake wa nchi kavu, aitwaye tonado. Upana wake mara nyingi ni mita mia chache tu, na maisha yake ni ya dakika. Hata hivyo, pale anapopita huacha kifusi.

Tarehe 3 Aprili 1974 Marekani ilipatwa na maafa ambayo hadi leo wataalamu huyatolea mfano. Katika muda usiofika saa 24, tonado 148 zilishuka katika majimbo 13, na hata mji wa Windsor nchini Kanada haukusalimika. Watu zaidi ya 300 walikufa na zaidi ya 5,000 walijeruhiwa. Katika jimbo la Alabama, kijiji cha Tanner kilipigwa mara mbili jioni ile ile, watu wakiwa bado wanatafutana katika kifusi cha mara ya kwanza.

Chanzo cha balaa hilo kilikuwa nini? Kwanza ni jiografia. Kutoka Ghuba ya Meksiko hewa ya joto yenye unyevu husafiri kwenda kaskazini, wala hakuna milima ya kuizuia. Kutoka magharibi, upande wa milima ya Rocky, huja hewa kavu, na juu yake hewa baridi. Siku ile mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwa na nguvu nyingi ulizivuta hewa hizo zikutane. Hewa ya joto, kwa kuwa ni nyepesi, ilipanda juu kwa kasi na kujenga mawingu makubwa ya radi.

Lakini radi peke yake si tonado. Jambo la pili lilikuwa tofauti ya pepo. Karibu na ardhi upepo ulivuma kutoka kusini. Juu zaidi ulivuma kutoka kusini magharibi, tena kwa kasi kubwa mno. Mwangalie msokota kamba: kiganja kimoja kinakwenda mbele, kingine kinarudi nyuma, na usumba ulio katikati unazunguka. Hivyo ndivyo hewa ilivyosokotwa. Kisha ile hewa ya joto inayopanda ikausimamisha mzunguko huo wima, na wingu zima likaanza kuzunguka.

Hizo ni sababu za upepo. Sababu za vifo ni habari nyingine, na hapo ndipo penye funzo.

Tangu miaka ya 1880 watabiri wa serikali ya Marekani walikatazwa kutumia neno tonado katika utabiri wao. Wakubwa waliona kwamba wananchi wakilisikia watapata kiwewe. Mwezi Machi 1948 maofisa wawili wa jeshi la anga, Fawbush na Miller, walithubutu kutabiri tonado katika kambi yao huko Oklahoma, na jioni ile ile ikaja kweli. Mwaka 1950 mkuu wa idara ya hali ya hewa aliwaarifu watumishi wake kwamba katazo hilo halipo tena. Fikiri, ndugu msikilizaji: zaidi ya nusu karne watu walifichwa jina la kitu kilichokuwa kikiwaua, kwa kisingizio cha kuwalinda na hofu.

Basi ilipofika 1974 tahadhari zilitolewa, lakini njia za kumfikia mwananchi zilikuwa haba. Mji wa Xenia, jimboni Ohio, haukuwa na king'ora hata kimoja cha kuonya. Waliookoka kwa kuonywa walipata habari kwa televisheni na redio, na asiyekuwa karibu na chombo alitegemea macho yake. Tonado ilifika saa 10:40 jioni. Kwa bahati wanafunzi wengi walikuwa wamekwisha toka shuleni. Katika shule ya sekondari wachache walibaki wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza; walipoliona wingu walikimbilia ukumbini. Upepo ulipotulia, mabasi ya shule yalikuwa yamelala juu ya jukwaa walilokuwa wamesimama. Zaidi ya watu 30 walikufa mjini humo.

Saa hiyo hiyo, katika jiji la Louisville, Kentucky, rubani wa helikopta ya kituo cha redio, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza hali ya magari barabarani, aliifuata tonado akiwatajia watu mitaa inakoelekea. Mamia ya nyumba yalibomoka, lakini waliokufa katika jiji lile walihesabika kwa vidole.

Baada ya hapo serikali ilipanua vituo vya redio vinavyotangaza hali ya hewa usiku na mchana, na baadaye ikanunua rada zinazoweza kuona mzunguko ndani ya wingu. Je, vifo vilikoma? Hapana. Tarehe 27 Aprili 2011 upepo ulirudi Alabama na majimbo jirani, na watu zaidi ya 300 walikufa tena, ingawa tahadhari zilitolewa mapema. Dhoruba za asubuhi zilikuwa zimekata umeme, na wengi walikuwa katika nyumba nyepesi zisizo na mahali pa kujificha.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kuyasoma mawingu ni kazi ya mtaalamu, na anaifanya. Yanabaki maswali ambayo rada haiyajibu: habari itamfikia nani, ataiamini, na akishaiamini atakimbilia wapi? Sisi tunaojenga mabondeni, tusingoje maji yaingie ndani ndipo tuyajibu.