Anachezaje?

Jino likilegea, tunasema linacheza. Kope ikirukaruka yenyewe, jicho linacheza, na wapo watakaoanza kungoja mgeni au kilio. Meza yenye mguu mfupi hucheza, usukani uliochakaa hucheza, na ngoma ikilia watu hucheza. Kitenzi kimoja kimebeba mpira wa watoto, harusi za wakubwa na kila kitu kinachojongea pahala pake bila kuhama. Mimba nayo ikaazima hapo hapo: mtoto anacheza.

Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, mama aliyevuka na boti kutoka kisiwa cha Tumbatu, akateremka dikoni katikati ya kelele za mnada wa samaki na kufika kliniki, huulizwa hilo mapema. "Mtoto anacheza, mwanangu?" "Alhamdulillahi, anacheza." Basi. Kalamu inatia alama kwenye kadi, anaitwa mwingine. Neno ni zuri, ila swali limefungwa. Linataka ndiyo au siyo, na mambo ya mtoto wa wiki ya 36 hayakai ndani ya ndiyo na siyo.

Kwanza nilitetee neno lenyewe, maana linaanza kupata mshindani. Siku hizi mtu akitafsiri mafunzo ya uzazi kutoka Kiingereza huja na "kuhesabu mateke". Teke lina mguu, lina nguvu, lina mwanzo na mwisho. Lakini mama aliyeingia mwezi wake husikia mengi yasiyokuwa mateke: mtoto kujigeuza, kujinyoosha, kufurukuta, kusukuma kwa goti au kiwiko mpaka tumbo linainuka upande mmoja. Mimba ikikua na nafasi ikibana, namna ya kucheza hubadilika; misukumo na kujiviringisha huzidi yale mapigo makali ya miezi ya kati. Ukimwambia mama asikilize mateke, ataacha yote hayo nje ya hesabu, au atakuja mbio na hofu wakati mwanawe anajigeuza vizuri tu. Kucheza kunayachukua yote, isipokuwa kwikwi, zile za kudundadunda kwa mpigo mmoja, ambazo wakunga hawazitii hesabuni. Na wale wanaoandika "mijongeo ya kijusi" niwaombe wakiache kijusi kwenye vitabu vya baiolojia. Sijapata kumsikia mama wa Unguja akilalamika kwamba kijusi chake hakijongei.

Mwanzo wa kucheza nao una hesabu zake. Wakunga husema mama huanza kumsikia mtoto baina ya wiki ya 16 na ya 24. Aliyekwisha kuzaa huwahi kumtambua, na wa mimba ya kwanza huchelewa, kwani huenda akadhani ni tumbo linamnguruma. Kondo likikaa upande wa mbele nalo hufifisha. Kwetu visiwani kuna hesabu nyingine ya zamani zaidi, ile ya hadithi ya Mtume aliyoipokea Ibn Masud, ya roho kupulizwa baada ya siku 120. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, baadhi ya wafasiri wa Kurani wameieleza kwa njia hiyo hiyo: muda huo ukitimia, kama mna mimba itajulikana, maana itakuwa imecheza. Kwa hiyo kucheza kwa mtoto kulikuwa ushahidi wa kisheria kabla hakujawa dalili ya kitabibu.

Sasa lile wanaloulizana wanawake wenyewe: acheze mara ngapi? Mwaka 1976, huko Cardiff, Wales, watafiti Pearson na Weaver walipendekeza kadi ya kuhesabia. Mama aanze saa tatu asubuhi, na kama mpaka saa tatu usiku hajafikisha kumi, atoe taarifa. Kumi ni nambari tamu, inakaa vidoleni, nayo ikasambaa duniani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1989, wa wanawake zaidi ya 68,000, haukuona kwamba kuhesabu kila siku kulipunguza vifo vya watoto wa tumboni. Mwingine wa Uingereza na Ireland, uliotoka mwaka 2018 na kukusanya mimba zaidi ya 400,000, ulijaribu kuwahimiza mama waripoti mapema na hospitali ziwashughulikie kwa utaratibu maalumu. Nao haukupata punguzo la kuthibitika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, halishauri kadi za kuhesabu nje ya utafiti. Nambari ikakosa kiti.

Kilichobaki ni neno la Kiarabu tulilolifanya letu, kawaida. Kila mtoto ana kawaida yake: huyu huamka mama akijilaza usiku, yule hutaabisha baada ya futari. Kucheza huongezeka hadi kama wiki ya 32, kisha hushika kiwango hicho mpaka uchungu unapoanza. Mtoto hulala humo ndani, kwa kawaida dakika 20 hadi 40 na kwa nadra kupindukia dakika 90. Nukta nzima iko kwenye kile kimilikishi "yake". Tukisema "kawaida" peke yake, mama atalinganisha na wa jirani, au na mimba yake ya mwanzo. "Kawaida yake" inamrudisha kwa huyu aliye naye sasa.

Hapa ndipo ninapogombana na lugha yangu. Tuna neno ambalo kwa binadamu aliyekwisha kuzaliwa ni sifa tupu: kutulia. Mtoto aliyetulia hupendwa, mwanamke aliyetulia huposwa, mji uliotulia hukalika. Sasa mke mwenza au wifi akimuuliza mjamzito vipi mtoto, naye akajibu "leo katulia," wote wawili wanashusha pumzi. Bibi ataongeza kwamba ndivyo walivyo, wakikaribia kuzaliwa hutulia, wanajiweka sawa. Hapana. Karibu na kuzaliwa namna ya kucheza hubadilika, lakini kucheza hakupungui. Aliyepunguza huenda anaokoa nguvu kwa sababu kondo halimfikishii hewa na chakula cha kutosha. Afadhali ya yule anayesema "kanyamaza". Kunyamaza kwetu hakuna sifa hiyo, huvuta swali lake mara moja: kanyamazia nini?

Mama akiwa na shaka, ajilaze kwa ubavu wa kushoto, aache kazi na simu, amsikilize. Akiona kweli kapunguza, aende siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Asingoje siku ya kliniki, wala asimshawishi mtoto kwa juisi baridi au kitu kitamu, maana hilo halijathibitika kusaidia na linakula saa. Kwa mtu wa Jongowe au Gomani, kule Tumbatu, maana yake ni kuamsha nahodha na kuangalia maji yamejaa au yamekupwa, kisha gari mpaka Hospitali ya Kivunge. Safari ya gharama namna hiyo mtu haianzi kwa neno "katulia".

Nao upande wa pili wa safari una dhamana yake. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2014 na 2016 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hapo, 59 walizaliwa wafu. Baada ya wahudumu kupewa mwongozo mfupi wa kusimamia uchungu, uliotungwa pamoja nao kwa mazingira yao, idadi ilishuka hadi 39. Mwongozo huo ulihusu chumba cha kuzalia. Ila nao ulikuwa kazi ya maneno: kufupisha, kuandika kitu ambacho mtu mwenye wagonjwa wengi na mikono miwili anaweza kukitumia.

Kwa hiyo mabango ya dalili za hatari yanastahili jicho la mhariri pia. Mara nyingi huandikwa "mtoto kuacha kucheza". Kuacha ni mwisho wa habari; anayengoja mtoto aache huenda akafika amechelewa. Liandikwe "kupungua au kubadilika kwa mtoto kucheza", hata kama linakula mstari wa pili. Na pale mezani, kabla kalamu haijatia alama, kiambishi tamati cha herufi mbili kinatosha: anachezaje, mwanangu, leo na jana?