Joho, Kilemba na Daftari: Mavazi ya Serikali Pemba katika Karne ya 19

Maadhimisho ya hekalu ni wasaa mwema wa kukumbuka zama ambazo wazee wetu walikutana forodhani na sokoni. Katika karne ya 19, mwenye madaraka alitambulikana kwa nguo yake kabla hajatamka neno.

Pemba ilipoingia katika himaya ya Seyyid Said, miaka ya 1820, kisiwa kilisimamiwa na maliwali kwa niaba yake. Siku ya Idi au ya baraza, liwali alivaa kanzu, na juu yake joho la sufu lenye tarizi ya hariri au uzi wa dhahabu. Kiunoni jambia la fedha, kichwani kilemba. Katika joto la Pemba, joho halikuvaliwa kwa sababu ya baridi. Lilikuwa waraka wa cheo, uliosomwa hata na asiyejua kusoma.

Hata hivyo, mapato ya serikali yalikuwa mikononi mwa watu wasiovaa joho. Nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, ilikodi forodha za Sultani kwa miaka mingi. Ilimlipa kiasi maalumu kila mwaka, kisha ikakusanya ushuru kwa mawakala wake. Wao walivaa dhoti na kilemba cha kwao. Alama ya madaraka yao ilikuwa daftari.

Seyyid Barghash, aliyezuru London mwaka 1875, aliwatunukia wakubwa nishani ya nyota ya kuvaliwa kifuani. Mwaka 1877 Lloyd Mathews, ofisa wa manowari za Kiingereza, alianza kumwundia jeshi lenye sare za Kizungu. Himaya ya Uingereza ilipotangazwa mwaka 1890, vazi jingine likaongezeka: koti la buluu la konseli, lenye tarizi ya fedha, pamoja na upanga na kofia ya pembe mbili.

Fahari hiyo ilikuwa na gharama yake. Utajiri wa Pemba ulitokana na karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa, katika mashamba ambayo mengi yaliendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi. Mtumwa mwenyewe, kwa desturi ya wakati ule, hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya mabwana.

Tarehe 6 Aprili 1897 sheria iliacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba. Uhuru haukuja kwa siku moja, lakini ulionekana vichwani: waliokuwa watumwa wakaanza kuvaa kanzu na kofia. Joho lilibaki la wachache. Kofia ikawa ya wote, na hadi leo, tupitapo madukani Chake Chake na Wete, hatuwezi kujua kwa kofia ya mtu babu yake alikuwa nani. Hilo ni jambo la kushukuriwa na kila jirani.