Kushusha Munkari: Istilahi ya Ugomvi Kabla ya Suluhu

Hasira ya Kiswahili hupanda, na mwenye nayo hupandwa. Mori humpanda, munkari humpanda, jazba humpanda hadi asisikie anachoambiwa. Keti kijiweni Mwendakulima, kata ya Kahama ambamo mgodi wa Buzwagi ulichimbwa, usikilize watu wakisimulia ugomvi wa jana: "Nilipandwa na hasira, nikajikuta nimeshatukana." Msimulizi amejitoa kwenye sentensi yake mwenyewe. Hasira ndiyo iliyotenda, yeye katendwa. Ni kisingizio kizuri sana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Lakini humo humo kuna msaada kwa mtafuta istilahi, kwa sababu kilichopanda kinaweza kushushwa, na lugha imeshampa kitenzi.

Wataalamu wa migogoro wana neno la Kiingereza kwa kazi hiyo, de-escalation, ambalo asili yake ya mbali ni scala, yaani ngazi kwa Kilatini. Tukiliandika kwa matamshi yetu tunapata dieskalesheni, na simwoni mchimbaji wa Kahama atakayelitamka mara mbili. Maana yake ni hatua zinazochukuliwa makusudi, kwa maneno, sauti na mwili, ili watu waliokwisha kupanda ngazi ya ugomvi wateremke hadi mahali ambapo wanaweza kuzungumza. Halisemi kwamba ugomvi umekwisha. Hilo ndilo sharti la kwanza la tafsiri yoyote tutakayoichagua, na ndilo linalosahauliwa haraka.

Neno lenyewe lilipata umaarufu kwenye mambo makubwa kuliko ya kijiweni. Wakati wa Vita Baridi, Mmarekani Herman Kahn alichapisha mwaka 1965 kitabu kilichopanga ngazi ya vidato 44, kuanzia mivutano ya kidiplomasia hadi vita vya nyuklia visivyo na breki. Mwaka 1980 Friedrich Glasl, mtaalamu wa Austria, akaiteremsha hoja hiyo hadi maofisini na viwandani kwa hatua tisa: watu huanza kwa kung'ang'ania misimamo, wakafika mahali pa kutafuta wafuasi na kuaibishana, mwisho kila mmoja yuko radhi aangamie mradi mwenzake aangamie naye. Kahn alipandisha ngazi yake, Glasl akaichora ikishuka kuelekea shimoni. Mchimbaji anayeteremka duara, shimo lake la kuchimbia, kila asubuhi angeuelewa mchoro wa Glasl mara moja: kwake hatari iko chini na usalama uko juu. Kiswahili lakini kimeshaamua kwamba hasira iko juu, na istilahi haina sababu ya kubishana na wenye lugha.

Tafsiri zinazopendekezwa mara nyingi ni tatu. Ya kwanza ni kutuliza. Inasikika vizuri, nayo ndiyo inayovuruga zaidi. Kutuliza ni jambo ambalo mtu humfanyia mwingine: muuguzi humtuliza mgonjwa, mama humtuliza mtoto, dawa hutuliza maumivu. Anayetulizwa yuko chini ya anayetuliza. Tena kitenzi kilichokizaa, kutulia, kikigeuzwa amri kinakuwa "tulia!", na sijui neno fupi linalompandisha mtu mzima hasira kuliko hilo. Mama aliyekwenda ofisi fulani mara kadhaa kufuatilia fidia ya shamba, akipaza sauti dirishani na kijana wa mapokezi akamjibu "Tulia, mama," amesikia mambo mawili: kwamba kero yake si kero, na kwamba tatizo ni yeye.

Ya pili ni kupoza. Ina ladha nzuri, watu husema kupoza moyo, kupoza roho. Tatizo lake ni la uandishi: ongeza irabu moja tu na mwongozo wa mafunzo utawaagiza walinzi wa mgodi "kupooza" wananchi.

Ya tatu, usuluhishi, hutumiwa na waandishi wa ripoti, nayo ni kosa la kitaalamu. Usuluhishi una kazi yake kisheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wafanyakazi wa migodini wanaijua kwa herufi zake za Kiingereza, CMA. Humo msuluhishi hukaa na pande mbili akiwasaidia wakubaliane wenyewe. Wakishindwa, mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Kwenye ardhi vilevile: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata limeachiwa kazi ya kusuluhisha tu, na shauri la umiliki kwa kawaida haliendi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Usuluhishi, basi, una mtu wa tatu, una kikao, una karatasi. Kinachozungumzwa hapa hutokea kabla ya karatasi, mara nyingi watu wakiwa wamesimama, na mara nyingi hakuna wa tatu.

Kwa hiyo napendekeza kushusha munkari, maneno ambayo watu wanayo tayari. Konda wa basi la Kahama humwambia abiria "punguza munkari, bosi" bila kwenda semina. Uzuri wake uko kwenye sarufi: kinachoshushwa ni munkari, si mtu. Mtu anabaki na kimo chake. Na kitendo hicho mtu anaweza kujifanyia: "Ngoja nishushe munkari, nitarudi tuongee." Jaribu kusema "ngoja nijitulize" mbele ya wachimbaji wenzako uone watakavyokutazama. Tena maneno haya yanazaa mengine kwa urahisi. Anayefanya kazi hiyo ni mshusha munkari, kinyume chake ni kupandisha munkari. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limepitisha istilahi nyingi ambazo hazina hata nusu ya bahati hiyo.

Tuone inavyofanya kazi. Chukua siku ya kugawana mawe kwenye duara la wachimbaji wadogo. Viroba vimepangwa mafungu mafungu: la mwenye leseni, la mwenye duara, la vijana waliochimba. Kijana mmoja ametoka chini, vumbi bado limemganda kwenye nyusi. Analitazama fungu lao na kusema, "Mzee, unatuibia." Mwenye duara, mtu wa kumzaa, anajibu, "Mimi wa kuitwa mwizi na mtoto kama wewe? Ulikuja hapa na ndala za kuazima." Watu wanaanza kusogea. Mmoja kashika sururu, pengine kwa sababu tu alikuwa ameishika tangu mwanzo. Mpaka hapo hakuna aliyetaja kiroba chochote.

Msimamizi anayeijua kazi yake haanzi na swali la nani kakosa. Anamwendea mkubwa kwanza. "Shikamoo, mzee. Njoo tukae hapa kwenye gogo." Mzee hawezi kuacha kuitika marahaba, na akishaitika sauti yake imeshateremka kidogo. Kisha kwa kijana: "Dogo, kunywa maji kwanza. Halafu unionyeshe kiroba chenyewe." Kijana anakunywa, anapangusa mdomo, anaonyesha. "Hivi viwili. Vilijazwa sisi tukiwa chini. Ukivibonyeza ni udongo mtupu." Mzee anavitazama. "Hivyo alijaza mpwa wangu. Sikuviangalia."

Mgogoro bado upo. Viroba viwili bado vina udongo, na kuna mtu atakayepoteza. Ila sasa wanagombea viroba. "Unatuibia" ni hukumu, na aliyehukumiwa hana njia ila kukata rufaa kwa matusi. "Vilijazwa sisi tukiwa chini" ni habari, inaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Mmarekani Marshall Rosenberg alijenga mafunzo yake yote ya mawasiliano juu ya tofauti hiyo: sema ulichokiona kabla ya unavyomhukumu mwenzako, sema unavyojisikia, unachohitaji, kisha omba jambo moja linaloweza kutendwa. Njia yake ikifuatwa neno kwa neno kwa Kiswahili huleta sentensi ngumu, za mtu anayesoma karatasi. Kijana wa duarani hahitaji kutangaza kwamba anajisikia kusononeka. Anahitaji kuonyesha kiroba.

Maji na gogo navyo vina sababu. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyechunguza wanandoa wakigombana huku akiwapima mapigo ya moyo, alieleza kwamba moyo ukishapita mapigo 100 hivi kwa dakika, mtu hupoteza uwezo wa kusikiliza vizuri. Akashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20 kabla ya kuendelea. Waislamu wana mafundisho ya zamani kuliko maabara: Mtume Muhammad alimwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na hasira isipomwondoka ajilaze. Hapo kushuka ni kwa mwili hasa, na hasira hufuata.

Kuhusu shikamoo nina neno la tahadhari. Heshima yetu hupanda kwa umri na cheo, na inaweza kutumika kumnyamazisha mdogo: akidai haki yake anaambiwa hana adabu, na ugomvi unahama kutoka kwenye udongo wa viroba hadi kwenye malezi yake. Kushusha munkari kunataka heshima ishuke pia hadi kwa mdogo. Mzee anayejibu "nakusikia, kijana wangu" hajapungukiwa. Na afisa mahusiano wa kampuni, msomi wa miaka 26, anapokutana na bibi wa Kisukuma anayelalamika kwamba mgodi umemletea nyufa ukutani, akianza kwa kumwamkia kwa lugha yake, "mwangaluka, mayu," kabla ya kufungua faili, ameokoa nusu saa ya kazi. Watani nao wana njia yao. Mnyamwezi na Mzaramo huweza kuambiana maneno ambayo kwa mwingine yangekuwa kesi. Lakini utani humsaidia anayejua umeanzia wapi na unaishia wapi, na kambi za wachimbaji zina watu wa kila mkoa.

Buzwagi yenyewe ilikuwa ndani ya ugomvi mkubwa wa aina hii, na uliacha neno jipya mitaani. Makinikia lilikuwa neno la wataalamu wa madini. Machi 2017 Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga huo wenye dhahabu na shaba kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, hata bodaboda wakalijua. Ngazi ikapandwa kwa kasi. Mei ikaja ripoti ya kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliyochunguza makinikia hayo, Juni ya Profesa Nehemiah Osoro. Tarehe 14 Juni mwenyekiti wa Barrick, mmiliki mkuu wa kampuni ya migodi hiyo, John Thornton, akaketi Ikulu na Rais John Magufuli, ikakubaliwa kwamba pande mbili zitazungumza. Mtu angedhani hapo munkari umeshashuka. Julai kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha migodi hiyo, ikapewa ankara ya kodi, riba na adhabu inayofikia dola bilioni 190. Mazungumzo yakaendelea hivyo hivyo, Profesa Palamagamba Kabudi akiongoza upande wa Serikali. Oktoba ikatangazwa kwamba Serikali italipwa dola milioni 300 na kupata hisa za asilimia 16 na mgawanyo wa nusu kwa nusu wa manufaa ya kiuchumi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 24 Januari 2020. Kati ya kiti cha Ikulu na saini ilipita miaka miwili na nusu, na ndani yake munkari ulipanda tena zaidi ya mara moja. Kushuka hakuendi kwa mstari ulionyooka, na suluhu ilikuja baadaye sana, kwa njia nyingine: hesabu, wanasheria, rasimu juu ya rasimu.

Upande wa watu wa kawaida, hatari ni kuchanganya kushusha munkari na kile tunachokiita "yaishe". Yaishe ni hodari wa kuondoa kelele. Majirani wanapeana mikono, mwenye nyumba iliyopasuka anaambiwa asamehe, kila mtu anaenda zake na ufa unabaki. Kanuni za Umoja wa Mataifa za biashara na haki za binadamu, zilizopitishwa mwaka 2011, zinataka kampuni iwe na utaratibu wa malalamiko ambao watu wanaweza kuufikia, unaojulikana hatua zake na muda wake, na unaojengwa kwa mazungumzo. Nusu ya ugomvi wa kwenye mageti ya migodi ungepungua kama aliyeandika barua angejibiwa barua. Kumwambia mtu huyo ashushe munkari huku faili lake limelala ni dhihaka, na mlinzi wa getini ndiye anayelipia uzembe wa ofisi.

Kuna pia mahali ambapo istilahi hii haifai kabisa. Mwanamke anayepigwa nyumbani hahitaji somo la sauti ya upole. Anahitaji dawati la jinsia la polisi.

Na kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi, pumziko lina kikomo cha kisheria. Uzalishaji wa Buzwagi ulikoma mwaka 2021, na migodi mingine ya ukanda huu nayo itafikia siku yake. Anayeamini kwamba ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake CMA. Akipita hapo, lazima kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Rafiki anayemshauri aende kwao Bukombe akapumzishe akili wiki mbili tatu ampe na tarehe ya kurudi.