Mwenye Shahada Isiyo ya Sheria na Njia ya Kuwa Wakili: Hatua, Muda na Gharama

Mhitimu wa ualimu, kilimo au uhasibu anayeishi Kata ya Mazingara wilayani Handeni, au katika wilaya jirani ya Korogwe, anaweza kuwa wakili. Hata hivyo, shahada aliyonayo haimfikishi moja kwa moja kwenye mafunzo ya uzamili ya uanasheria.

Mafunzo hayo hutolewa jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Sifa ya msingi ya kujiunga ni Shahada ya Sheria. Tofauti na Uingereza, ambako mwenye shahada nyingine anaweza kusoma kozi ya mpito, nchini Tanzania mhusika hulazimika kuanza na shahada hiyo.

Shahada ya Sheria huchukua miaka 3 au 4 kulingana na chuo. Mafunzo ya vitendo huongeza takribani mwaka 1, na mhitimu akitimiza masharti ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, hukubaliwa na Jaji Mkuu kuwa wakili. Hivyo, mwombaji apange bajeti ya miaka isiyopungua 4.

Kwa asiyeweza kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha sheria kwa njia ya masafa na kina kituo mkoani Tanga. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichopo mkoani humo, hutoa astashahada na stashahada ya sheria. Sifa hizo ni msingi mzuri, lakini hazichukui nafasi ya shahada. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe shahada yake imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, katika miaka ya karibuni imekuwa ikitoa mwongozo wa mikopo kwa wanafunzi wa mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Mwenye shahada tayari asitegemee mkopo wa shahada ya pili kabla ya kusoma mwongozo wa mwaka husika. Aidha, mwajiriwa anayedaiwa mkopo wa awali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hivyo ada ipangwe kutokana na kiasi kinachobaki.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya shughuli za kiuchumi. Fedha hizo si za ada, na kuzitumia hivyo kunaviacha vikundi na deni lisilo na mradi wa kulilipa.

Mtumishi wa umma anatakiwa kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake kabla ya kuanza, kupitia kwa mkuu wake wa kazi.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwombaji anashauriwa kuthibitisha mambo matatu: sifa za kujiunga, jumla ya gharama hadi kuapishwa, na chanzo cha fedha kwa kila mwaka. Kuishiwa fedha katikati ya safari hugharimu zaidi ya kuchelewa kuianza.