Dogo wa Fildi, Pittsburgh 1947

Kila mwaka ikifika Julai, ofisi za matangazo za Dar es Salaam hupokea wageni. Ni wanafunzi wa usanifu wa michoro waliotoka chuoni kwa mafunzo ya vitendo, au fildi kama wanavyoiita wenyewe. Wiki ya kwanza wanapewa kazi ya kusafisha picha za chupa za soda. Wiki ya pili wanatumwa kufuata mabango kwa mpiga chapa. Wiki ya sita, mambo yakienda vizuri, tangazo alilochora dogo wa fildi linatoka gazetini au linatundikwa barabarani. Jina lake halimo. Kusema kweli hata la bosi wake halimo. Tangazo huwa halina saini.

Suala hilo la saini limenirudisha kwa mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa makopo ya supu na sura za Marilyn Monroe. Andy Warhol ameandikwa sana kama msanii tajiri mwenye nywele za bandia. Mimi namtaka akielekea kutimiza miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyetafuta kazi ya likizo.

Alizaliwa Pittsburgh tarehe 6 Agosti 1928, akaitwa Andrew Warhola. Pittsburgh ya wakati huo ilikuwa mji wa chuma, moshi na wahamiaji. Wazazi wake walitoka Miková, kijiji cha milima ya Carpathian ambacho leo kiko Slovakia. Baba alikuwa kibarua. Alifariki mwaka 1942, akaacha akiba na wosia kwamba pesa ile ni ya kumsomesha huyu kitinda mimba. Kaka zake wawili walikwishaingia kazini. Familia nzima, kwa hiyo, iliweka karata zake zote kwa mtoto mmoja mwenye kalamu. Hili tunalijua sisi.

Mwaka 1945 aliingia Carnegie Institute of Technology, na mwisho wa mwaka wa kwanza nusura afukuzwe. Alipewa nafasi ya kujikomboa likizo ya 1946. Kaka yake Paul alikuwa akiuza matunda na mboga kwa lori, mtaa kwa mtaa, na Andy alikuwa akimsaidia. Huko nyuma ya lori alichora wateja: watu wa kawaida waliokuja kununua mboga. Michoro hiyo ilimrudisha darasani na ikampatia zawadi ya chuo ya dola 40. Kwa maneno mengine, kazi yake ya kwanza ya maana ilitoka sokoni. Mapema kabisa alijifunza kumtazama mtu wakati anaponunua.

Likizo iliyofuata, mwaka 1947, alipata kibarua katika Joseph Horne, duka kubwa la ghorofa kadhaa katikati ya mji. Halikuwa kampuni ya matangazo kwa jina, lakini kitengo alichopangiwa kilikuwa cha matangazo kwa kila hali: kitengo cha kupamba madirisha. Televisheni ilikuwa bado haijaingia majumbani kwa wingi, na dirisha la duka lilikuwa mojawapo ya matangazo yenye nguvu zaidi mjini. Waliopamba walichora mandhari ya nyuma, wakasimamisha sanamu za kuvalishia nguo, wakapanga taa. Kisha yote yalibomolewa yakawekwa mengine. Mpita njia alikuwa na sekunde chache tu za kusimama au kuendelea na safari zake. Ukimkosa, umemkosa.

Warhol mwenyewe aliandika miaka mingi baadaye kuhusu ajira hiyo. Alisema alilipwa senti 50 kwa saa, na bosi wake, bwana Vollmer, alimpa kazi ya kupekua majarida ya mitindo kama Vogue na Harper's Bazaar, pamoja na ya Ulaya, atafute mawazo ya madirisha. Halafu anaongeza kwamba hakumbuki kama aliwahi kupata hata wazo moja.

Nilicheka niliposoma hapo, maana kila aliyewahi kwenda fildi anaijua hali hiyo: umekaa mezani, umepewa kazi isiyo na mwisho, na hakuna anayekuja kuikagua. Lakini hebu tuihesabu vizuri. Kijana wa mtaa wa vibarua alilipwa kukaa likizo nzima akitazama jinsi matajiri wanavyovalishwa, wanavyopigwa picha na wanavyopangwa kwenye ukurasa. Chuoni alikuwa akifundishwa kwamba picha inatoka ndani ya msanii. Dukani aliona kwamba picha inaweza kutoka kwenye picha nyingine, na hakuna anayelalamika. Mimi naamini somo la pili lilimkaa zaidi.

Alipokuwa bado mwanafunzi ndipo alipoanza kuchora kwa namna iliyokuja kumpa mkate. Alichora kwenye karatasi isiyonyonya wino, akapitisha wino juu ya mistari kidogo kidogo, kisha akaigandamiza kwenye karatasi nyingine inayonyonya. Mstari uliotoka ulikuwa umekatikakatika, kama mkono wa mtu anayesita. Kumbe ule wa kuonyeshwa haukuwa mkono wake moja kwa moja, ulikuwa chapa ya mkono wake. Na mchoro mmoja wa mwanzo uliweza kuzaa chapa kadhaa. Kwa matangazo, ambako mteja leo anataka kiatu kitazame kulia na kesho kushoto, huo ulikuwa mtaji.

Alihitimu mwaka 1949, na mara akahamia New York pamoja na mwanafunzi mwenzake Philip Pearlstein. Mwaka huohuo jarida la Glamour lilimpa kazi ya kuchora. Ni katika kipindi hiki herufi ya mwisho ya jina lake ilipotea, Warhola akawa Warhol. Kufikia 1955 alikuwa akichora matangazo ya viatu vya I. Miller kwenye New York Times, na watu wa fani walikuwa wakiutambua mstari wake kabla ya kutafuta jina.

Sasa tazama nini kilitokea nyumbani kwake. Mama yake, Julia, alimfuata New York mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwandiko wake ulikuwa wa mikunjo na madoido, na mwanawe akaanza kumpa kazi ya kuandika maneno ya kwenye michoro. Mwaka 1958 mwandiko huo, uliokuwa kwenye jalada la santuri ya Moondog, ulipata tuzo ya wasanifu wa michoro. Aliyetajwa alikuwa mama yake Andy Warhol. Julia Warhola, jina lake kamili, halikuonekana. Wakati huo pia palikuwa na msaidizi, Nathan Gluck, ambaye alichora sehemu kubwa ya kazi zilizotoka kwa jina la bosi wake, na baadaye akajifunza hata kuuiga mwandiko wa yule mama. Dogo wa Joseph Horne sasa alikuwa na madogo wake.

Simlaumu haraka. Ndivyo karakana zote zinavyokwenda, za wachongaji, za washonaji na za magazeti pia. Ila ni vizuri tuone kwamba hakuivumbua tabia hiyo kwenye studio yake maarufu ya miaka ya 1960. Alikwenda nayo.

Aprili 1961 alionyesha picha zake tano za mtindo mpya. Wapi? Kwenye dirisha la duka la Bonwit Teller, New York, nyuma ya sanamu zilizovaa magauni. Mwaka uliofuata vikaja vitambaa 32 vya makopo ya supu ya Campbell's, vilivyopangwa Los Angeles juu ya kishubaka chembamba ukutani kama bidhaa dukani. Wahakiki walijadili falsafa yake. Aliyewahi kupamba dirisha angeona kwanza kishubaka.

Halafu ikaja 1964, na hapa ndipo kisa kinapouma. Katika Stable Gallery, New York, Warhol alirundika masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi yafanane kabisa na makatoni ya bidhaa za dukani, na yaliyopata umaarufu zaidi yalikuwa ya sabuni ya kusugulia masufuria, Brillo. Mwanafalsafa Arthur Danto aliyaona, akauliza swali ambalo hakuliacha maisha yake yote: kwa nini sanduku hili ni sanaa na lile la stoo si sanaa?

Lile la stoo lilikuwa na mwenyewe. Lilibuniwa mwaka 1961 na James Harvey, mchoraji wa picha za dhahania aliyekuwa akijikimu kwa kusanifu vifungashio. Usiku wa ufunguzi Harvey alikuwepo. Nawaza alivyosimama pale. Picha zake halisi, zile alizozitia saini, hazikuwa zikigombaniwa na mtu. Kazi aliyoifanya kwa ajili ya kodi ya nyumba ilikuwa imerundikwa katikati ya chumba, na watu wameshika glasi wanaizunguka. Harvey alifariki mwaka 1965 kwa saratani, akiwa bado katika miaka ya thelathini. Moja ya masanduku ya Warhol lilinunuliwa na familia moja kwa dola 1,000 mwaka 1969, na mwaka 2010 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3.

Wapo wanaosoma kisa hiki kama wizi, na wapo wanaokisoma kama werevu. Mimi nakisoma kama hesabu ya watu wawili waliopita mlango mmoja. Wote walijua kwamba tangazo halitiwi saini. Harvey alikubali sharti hilo, akaitenga saini yake kwa ajili ya picha za nyumbani. Warhol aliuliza swali baya zaidi: kama kazi haina saini, nani atanizuia kuweka yangu?

Ndiyo maana sipendi tunapowaambia wanafunzi wa fildi kwamba posho si muhimu, eti watapata uzoefu. Uzoefu ni kweli wanaupata. Warhol alipata mwingi kwa senti 50 kwa saa, lakini hizo senti alilipwa. Nikikutana na dogo anayetoka kwenye ofisi ya matangazo na barua yake ya chuo, nitamwambia mambo mawili tu. Tunza nakala ya kila ulichochora, na nyuma yake andika tarehe na jina lako lote, mpaka herufi ya mwisho. Halafu umuulize nani alichora ile nembo uliyoambiwa uisafishe, kwa sababu yupo mtu, na huenda bado anakaa Mbagala na hajui kwamba ingali inatumika.